Mlango Usio na Kitasa Ndani

Nitakutega, nawe usikimbilie kujibu. Mlinzi wangu ni hodari: ameifungia mali, akamfungia na mwenye mali, kisha akasahau analinda nini. Nani huyo?

Ukisema mbwa, umekosa, mbwa hasahau. Ukisema kufuli, umekaribia, lakini kufuli halina kichwa cha kusahaulia. Umeshindwa? Basi nipe mji. Ahsante, nimeupokea, na watu wake nitawatawala kwa upole. Sasa sogea karibu na jiko, maana jibu lake ni refu, na linaanzia katika chumba cha chini cha nyumba ya Settimio na Ersilia, kule Valdirovo, kijiji cha nyumba kumi na moja zitoazo moshi.

Ersilia alikuwa amesimama katikati ya chumba kile na kitambaa cha vumbi mkononi, mlango ukajifunga nyuma yake. Haukupiga kelele. Ulisema tu klak, kama mtu anayefunga mkoba. Kisha taa ikazimika.

"Settimio?"

Nyayo za mumewe zilikuwa zinapanda ngazi. Alikuwa amekwenda kuchukua miwani. Na swichi ya taa ilikuwa nje, naye Settimio hakupata kupita kando ya swichi asiizime, tangu enzi za vita mpaka leo.

Ersilia alinyoosha mkono akapapasa. Chuma kitupu, baridi. Upande wa ndani hapakuwa na kitasa wala tundu la ufunguo. Alijua. Siku Settimio alipoukaza mlango ule, mwezi wa tano, Ersilia ndiye aliyemshikia ngazi, na ndiye aliyemuuliza, "Na mtu akibaki ndani?" Settimio, skrubu tatu mdomoni, akamjibu, "Risasi hazitoki zenyewe, mwanamke wewe. Kitasa cha ndani cha nini?"

Ndiyo hivyo. Risasi hazikutoka, na Ersilia naye hakutoka.

Mambo yote yalianza na barua ya kituo cha polisi. Ilisema kila mwenye leseni ya kuwinda atatembelewa na mkuu wa kituo, aonyeshe risasi na baruti zake anaziweka wapi. Zamu ya Settimio ilikuwa Alhamisi hii, na leo ni Jumanne. Kwa miaka arobaini na minne Settimio alikuwa akiweka vyote katika sanduku la nafaka la bibi yake, mbao ya mwaloni iliyoliwa na wadudu, na kufuli ambalo Ersilia angeweza kulifungua kwa pini ya nywele. Risasi zake hakununua, alizijaza mwenyewe. Kila majira ya baridi alikaa dirishani na mizani yake ya shaba, akapima baruti, akabana fataki ya kuwashia kwenye ganda, akamimina marisawa, zile chembe za risasi, akafunga, kisha akaandika kwa kalamu ya risasi herufi S. "Risasi ya dukani," alikuwa akisema, "ni kama supu ya hospitali. Inashibisha, lakini haina mwenyewe."

Barua ilipofika, akamwita Delfo. Delfo ni binamu yake Ersilia, na ndiye kiongozi wa kikosi chao cha kuwinda nguruwe mwitu. Alikuja, akakaa jikoni, akakatiwa jibini.

"Shemeji, usifanye makubwa," Delfo alisema. "Risasi zilizokwisha jazwa zitafutie kabati la chuma, ulifunge ukutani kwa boliti nne, mahali pakavu. Fataki ziache katika paketi zake, rafu yake peke yake, mbali na baruti. Na baruti iwekee kasha la mbao nene, mfuniko usibane."

"Usibane!" Settimio aligonga meza. "Natafuta kitu cha kubana, wewe unaniletea kitu cha kuachia?"

"Mwizi utamzuia kwa mlango wa chumba. Baruti ikishika moto ndani ya mbao, inafoka tu, fuuu, inakwenda zake. Ukiibana ndani ya chuma, hiyo si akiba tena, hilo ni bomu. Baruti iachie pa kupumulia."

"Mimi nilianza kujaza risasi wewe hujaota ndevu."

"Ni kweli. Na nguruwe wa pili kwa siku moja bado hujampata."

Walicheka wote watatu. Lakini Settimio akishika lake, ni kama kupe. Alikwenda mjini kutazama sanduku la chuma la dukani. Akarudi akisema ngazi za chini hazitalibeba. Akafikiria jokofu bovu la Delfo. Ersilia akamwambia jokofu hilo likiingia, atalala nalo yeye Settimio. Mwisho akanunua mlango mzima wa chuma wa chama cha maziwa kilichofungwa zamani, ule wa chumba cha fedha, wenye kitasa cha kujibana chenyewe. Akakigeuza chumba cha kukaushia mapaja ya nguruwe kuwa ngome. Mapaja yenyewe yakahamia kwenye ngazi, yakininginia, na kila apitaye akigongwa kichwa. Neno moja tu la Delfo ndilo alilolikubali, nalo ni kwa sababu Ersilia alikataa kupika mpaka akubali: kasha la mbao la baruti, mfuniko umekaa tu.

Juu ya kasha hilo ndipo Ersilia alipoketi sasa. Mbele yake, juu ukutani, palikuwa na tundu la hewa, ukubwa wa ngumi, na mwanga uliopenya hapo ulimfikia magotini tu. Miguu yake aliiona, mikono yake hakuiona.

Nyayo zikarudi. Taa ikawaka.

"Ersilia! Mbona umefunga?"

"Umejifunga wenyewe. Fungua."

Akasikia mkono ukipapasa mifukoni, mfuko wa kulia, wa kushoto, wa shati.

"Ufunguo nimeuweka mahali pazuri," Settimio alisema.

Ersilia alifumba macho. Mkuu wa kituo alikuwa ameandika katika barua yake kwamba ufunguo usijulikane na mtu ila mwenye leseni, na Settimio akalishika neno hilo kama amri ya kanisani. Kila alipofungua mlango, kabla hajaingia, alikwenda kwanza kuuficha ufunguo, asije mtu akamwona anautia wapi. Kila siku mahali papya. Hata leo asubuhi alifanya hivyo: akafungua, akaweka jiwe mlangoni, akatokomea dakika tano, akarudi anapiga mluzi. Na alipokwenda kuchukua miwani, akajikwaa kwenye jiwe, akalisogeza kwa mguu.

"Mahali pazuri wapi, Settimio?"

"Nikikuambia, hapatakuwa pazuri tena."

"Mimi nimefungiwa humu!"

"Ngoja. Usinikimbize. Ukinikimbiza ndiyo kabisa."

Na taa ikazimika. Amekwenda kutafuta.

Ufunguo ule, nikuambie kabisa usije ukautafuta na wewe, ulionekana mwezi wa kwanza, siku ya kuchinja nguruwe, ndani ya mashine ya kusagia nyama ya soseji. Lakini Jumanne hiyo, nani angejua?

Ersilia alimsikia juu ya kichwa chake. Droo. Kabati la vyombo. Saa ya ukutani, maana ililia saa nne ilhali haijafika. Alimfuata kwa masikio chumba hadi chumba, na moyo wake ukawa mzito, kwa kuwa alijua asichojua mtu mwingine kijijini. Settimio alikuwa akisahau. Tangu Pasaka. Kwanza yalikuwa majina ya mbwa waliokufa, kisha ya mbwa walio hai. Halafu akasahau kuwa kaka yake amezikwa, akamwekea sahani mezani, na Ersilia akakila chakula kile yeye, kimyakimya, sahani mbili mchana mmoja.

Hakumwambia mtu. Mwana wao Loris, aliyeko mjini Modena, alipopiga simu, Ersilia alisimama karibu na kumnong'onezea baba majina ya wajukuu. Mwezi wa sita walikwenda kwa daktari kwa cheti cha leseni, daktari akauliza, "Mzee, leo siku gani?" Ersilia akakohoa na kusema, "Jumatano hii, daktari, sokoni hapapitiki!" Wakacheka. Cheti kikatolewa. Bila cheti hakuna leseni, bila leseni hakuna bunduki, wala risasi zenye S, wala kikosi cha Jumamosi alfajiri, wala mikate ya kuchoma, wala mvinyo wa Delfo. Na Settimio bila hayo ni nini? Ni koti msumarini.

Ndiyo maana asubuhi ile hakumjibu. Walikuwa mezani. Settimio alifungua kasha la mkate atwae mkate, akakuta miwani yake imelala ndani, imepambwa unga. Aliitazama muda mrefu. Akasema polepole, bila kumwangalia, "Ersilia, niambie kweli. Kichwa changu kinaniacha?"

Naye Ersilia akasema, "Kunywa kahawa, inapoa."

Sasa akalikumbuka swali hilo, gizani. Halikuwa na pa kwenda. Lilikaa naye juu ya kasha.

Taa ikawaka. "Nyuma ya picha ya mtakatifu haupo," Settimio alisema, anahema. "Ndani ya buti haupo. Umeuchukua wewe?"

"Mimi niko ndani, mume wangu. Ningeuchukuaje?"

"Unanificha vitu. Siku hizi unanificha vitu ili nionekane mjinga."

Ersilia akaumia, lakini kabla hajajibu, kitu kikamfikia puani kupitia tundu la hewa. Maharage. Alikuwa ameyabandika saa mbili, juu ya gesi, maji kidogo, akijua anashuka kwa robo saa tu.

"Settimio, nisikilize. Acha ufunguo. Panda juu, uzime gesi. Maharage yanaungua."

"Gesi."

"Gesi. Zima tu, urudi."

Taa ikazimika. Akahesabu ngazi kumi na nne. Akamsikia jikoni. Akasikia kiti kikivutwa. Kisha hakusikia kitu. Harufu ikaongezeka, ikawa chungu. Ersilia alisimama, akaketi, akasimama tena. Jiko lilikuwa juu yake kabisa, na dari ya jikoni ni mbao, na sakafu ya jikoni ni mbao, na chini ya mbao kuna Ersilia, na chini ya Ersilia kuna kilo tatu za baruti. Alijaribu kujituliza kwa maneno ya Delfo: inafoka tu, fuuu, inakwenda zake. Baruti itakwenda zake. Yeye je, atapita tundu lipi?

Nyayo. Taa.

"Umezima?"

"Nimekuletea kofia," Settimio alisema kwa sauti ya upole sana. "Huko ndani kuna baridi. Lakini nitakupaje?"

Ersilia aliweka paji lake kwenye chuma. Alitaka kupiga kelele, na hakupiga, kwa maana mtu aliyekuletea kofia humpigii kelele.

"Ahsante, mzee wangu. Ivae wewe. Sasa tucheze, kama zamani. Kitendawili."

"Tega," akasema Settimio mara moja. Hilo halikumtoka. Alimchumbia kwa vitendawili, kwenye sherehe ya mavuno, na cha mwisho ndicho alichomwoa nacho.

"Ua la buluu, halina shina, halimwagiliwi, na jikoni ndiko linakochanua."

"Moto wa gesi!"

"Hodari. Sasa nenda ukalichume. Ukienda, useme njia nzima: ua la buluu, ua la buluu."

Alimsikia akipanda: "Ua la buluu, ua la buluu." Kikafuata kishindo, kisha tusi, maana paja la nguruwe lilikuwa limemgonga kichwa. Na wimbo ukakatika.

Ersilia alipanda juu ya kasha, akaweka mdomo kwenye tundu la hewa, na kwa mara ya kwanza tangu Pasaka akaita msaada. "Delfo! Delfo!" Sauti yake ikatoka kama mkono wa mfungwa. Nje aliona majani tu, na kuku mmoja aliyegeuza shingo.

Lakini si sauti iliyomleta Delfo. Ni moshi. Alikuwa anapita na mbwa wake, akauona unatoka dirishani, akaingia bila kubisha. Ersilia alisikia buti zake nzito, bomba la maji, chyaaa, kisha sufuria likirushwa uani.

"Shemeji! Unapika nini, lami? Na Ersilia yuko wapi?"

"Ersilia?" akasema Settimio. "Chini. Anasafisha."

Delfo akashuka. Akaona mlango. Ersilia akamweleza kwa maneno machache, naye Delfo hakucheka, na kutocheka kwa Delfo ndiko kulikomtisha Ersilia kuliko giza.

"Tulia, binamu. Nakwenda kuleta grenda. Mlango huu naukata dakika kumi."

"Grenda, Delfo? Cheche?" Ersilia alisema. "Unajua nimekalia nini?"

Delfo akajipiga kofi usoni, likasikika mpaka ndani.

"Ndio ubaya wa ngome," akanung'unika. "Basi ukuta. Mawe ya kando ya fremu naweza kuyang'oa kwa nyundo ya mbao na patasi, polepole, bila cheche. Saa tatu, nne. Ila ukuta hautarudi ulivyokuwa, na Alhamisi mkuu wa kituo ataukuta. Ataniuliza, nami siwezi kumdanganya, mimi ndiye kiongozi wa kikosi, na leseni yangu iko mezani kwake vilevile."

"Hakuna wa kubomoa ukuta wangu!" Settimio alikuwa ameshuka. Ersilia aliyasikia mabega yake yakigonga mawe; alikuwa amejiweka mbele ya ukuta, mikono imetandazwa. "Ufunguo ninao! Nimeuweka mahali pazuri! Nipeni nafasi nikumbuke!"

"Tangu saa ngapi unakumbuka, shemeji?"

"Tangu sasa hivi."

"Sasa ni saa nne na nusu."

Ersilia akasikia pumzi za Settimio, fupifupi, kama za mnyama aliyezungukwa na mbwa. Alikuwa amezisikia mara nyingi katika hadithi zake za uwindaji: nguruwe akifika mwisho wa bonde haendi mbele wala nyuma, anageuka tu na kutazama. Akajua kwamba mlango huu umewafungia wawili, mmoja kila upande.

"Delfo," Settimio alisema mwishowe, na sauti haikuwa na hasira tena. "Usilete chuma chochote bado. Ngoja."

Akaugeukia mlango. Akaongea karibu sana, hata Ersilia akasikia kitambaa cha kofia kikisugua chuma.

"Ersilia. Asubuhi nilikuuliza kitu. Ukaniambia ninywe kahawa."

"Ndiyo."

"Kahawa nimekunywa. Sasa nijibu. Kama kichwa changu ni kizima, mwambie Delfo aende nyumbani akale, nami nitakumbuka. Kama si kizima, mwambie aanze. Nitakalosikia kwako nitalishika. Delfo simwamini, wala daktari. Nakuamini wewe."

Ersilia alikaa tena juu ya kasha. Chini yake mfuniko ulicheza kidogo, ule usiobana, uliomgharimu siku tatu za kutopika. Aliona Jumamosi zote zikipita mbele yake gizani: buti kando ya jiko, mbwa wakilia uani, mizani ya shaba dirishani. Akaona pia sahani mbili. Akatafuta kitendawili cha kuzungukia, naye hakuwahi kukosa, kikakataa kuja.

"Ersilia?"

Alisimama, akaweka viganja vyote viwili kwenye chuma, pale alipodhani uso wake upo.

"Unasahau, Settimio wangu," akasema. "Tangu Pasaka unasahau, nami nimekuwa nikikufichia. Sogea ukutani, mpenzi. Mwache Delfo aanze."